Minazi Mitano Nyuma ya Banda

Ashura mwanangu,

Naandika nikiwa ofisini, Posta, mchana, wenzangu wameshuka kula. Nimewaambia nina nyaraka za kumalizia, nao wameniamini kwa sababu mimi kila siku nina nyaraka za kumalizia. Kesho alfajiri unapanda basi la Songea kwenda kuanza kidato cha kwanza, na mimi na wewe hatujazungumza tangu Oktoba. Usiseme tumezungumza. "Ndiyo mama", "sawa mama", "nimeshakula mama", hayo siyo mazungumzo. Hayo hata mpangaji humwambia mwenye nyumba.

Sitakuandikia habari za ndoo, shuka na jembe. Orodha ya shule nimeipitia mara nne, kila kitu nimekiwekea alama, na jana nimelifungua tena tranka lako kuhakikisha soksi ziko sita wakati nilijua ziko sita, na wewe umesimama mlangoni unanitazama kama mtu anayemtazama fundi asiyemwamini. Jina lako nimelishona mpaka kwenye taulo. Huko sina wasiwasi. Wasiwasi wangu ni banda letu la Kisarawe na ile minazi mitano, kwa sababu kosa la minazi lilikuwa langu na umelibeba wewe, na kesho utapanda nalo basi kama sitasema kitu leo.

Nianzie mwanzo, maana mimi nikianzia katikati hujitetea.

Ulikuwa na miaka saba. Unakikumbuka kikohozi chako? Chumba chetu cha Mtaa wa Sikukuu kilikuwa juu ya duka la mabegi, na ng'ambo ya barabara walikuwa wanafungua marobota ya mitumba kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, wanakung'uta shati moja moja, na vumbi lote likija kwetu kama lina mwaliko. Nilifunga dirisha, ukalia joto. Nilifungua, ukakohoa. Daktari akaniangalia, akaniambia, "Dada, huyu mtoto anahitaji hewa." Nilitaka kumrushia kile kikadi cha kliniki alichoniandikia. Hewa! Kariakoo! Ningeinunua duka gani?

Bi Mwanahawa nilikuwa namwona tu. Jumanne na Ijumaa alikuja kutoka Kisarawe na mananasi na korosho, akakaa chini ya ngazi yetu kwa sababu kuna kivuli, na kila aliyepita alipata neno lake. Siku moja aliniuliza kabila langu. Nikamwambia babu yangu alitoka Tabora, Mnyamwezi.

"Ala! Mtani wangu!" akapiga kofi. "Ndiyo maana unapanda ngazi na ndoo kichwani hata hushiki ukuta. Wapagazi nyie! Basi leo mimi Mzaramo nimechoka, nibebee mananasi."

Nikambebea. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na sketi ya ofisini, na nilibeba mananasi ya watu mpaka kona huku anatangaza nyuma yangu, "Mpisheni mpagazi wangu!" Wewe ulicheka mpaka kikohozi kikakupata, na hapo ndipo aliposikia kifua chako. Aliacha utani papo hapo. Akasema mtoto aletwe kwake shamba, kule msitu unakoanzia, akae akapumue. Tukaenda wikiendi moja. Ukalala usingizi ambao sijawahi kuuona, mdomo wazi, kimya, mpaka nikakuwekea kidole puani kuhakikisha.

Baada ya wikiendi tatu, ni yeye aliyesema tujenge kibanda chetu, pale mwisho wa shamba lake chini ya mikorosho, hatua hamsini kutoka msituni. Na sharti alinipa siku hiyo hiyo. Nataka ulisome kama alivyolisema, kwa sababu wewe hukuwepo, ulikuwa unakimbiza kuku.

"Jenga kwa mbao," alisema. "Saruji sitaki. Kaa, lala, pika, furahi na mwanao. Ila mti usipande. Mchicha panda, bamia panda, vitu vya kung'oa. Mti wa kudumu hapana. Banda la mbao ni kama mwavuli, siku ya kuondoka unalikunja. Mnazi haukunjwi. Ukipanda mnazi hapa, kesho watoto wa kaka zangu wataniuliza nimekuuzia lini shamba la ukoo." Kisha akaongeza, "Ukipanda, Mnyamwezi wee, nitakuzika chini yake uwe mbolea."

Tukacheka wote wawili. Huo mwisho ulikuwa utani. Ule mwanzo haukuwa utani, na mimi nilijua. Nakuandikia hivi wazi kwa sababu baadaye nilijaribu kujidanganya kwamba sikujua.

Kujenga ndiko kulikonizeesha. Mbao nilizipata za paleti, zile zinazobebea mizigo kwenye makontena. Wateja wetu wengine tukishawatolea mzigo bandarini huziacha yadi, hawana kazi nazo. Mtu mwingine angezichukua tu. Mimi niliandika barua ya maombi, nikatoa nakala mbili, nikapeleka moja kwa mlinzi wa yadi agonge mhuri. Alicheka mpaka akakaa. "Dada yangu, paleti mbovu unaziombea barua? Na mhuri nitautoa wapi, mimi nina tochi na rungu!" Niliogopa, ndiyo. Naogopa kushikwa na kitu ambacho sina karatasi yake. Ndivyo nilivyo, na ndiyo kazi inayonilisha.

Misumari tuliing'oa mimi na wewe, barazani, tukainyoosha kwa nyundo mmoja mmoja, na mwenye duka la mabegi akipanda kila baada ya robo saa kuuliza kama tunabomoa jengo lake. Kisha akaja Fundi Maneno. Ya Rabi. Jumamosi ya kwanza hakuja. Nikampigia, akasema yuko njiani. Nikasikia nyuma yake mtu anatangaza mabasi ya Mbagala, upande mwingine kabisa wa mji. Jumamosi ya pili alikuja bila msumeno. Ya tatu alikuja na msumeno, akapima ukuta kwa mkono wake mwenyewe, kutoka kiwiko mpaka kidole, nami nilikuwa nimenunua futi kamba mpya na mchoro nimeuchora kwa rula. "Dada, mchoro weka ofisini," akaniambia. "Hapa tunajenga." Ndiyo maana mlango wetu miaka yote ulihitaji kusukumwa kwa bega. Ndiyo maana bati la upande wa msituni lilipitisha maji juu ya kitanda changu, siyo chako, na wewe ukaona ni jambo la kuchekesha sana.

Miezi minane kujenga chumba kimoja na kibaraza. Kila kitu kilienda kombo na kila kitu nilikilalamikia. Halafu Jumamosi moja tukafika na kigari cha kirikuu kimebeba godoro, tukaliingiza ndani kwa kulikunja, ukajitupa juu yake na viatu, ukasema, "Mama, hapa ndiyo kwetu."

Nikakwambia, "Siyo kwetu. Ni kwa Bi Mwanahawa."

Nilikurekebisha hivyo mara ngapi? Kila ulipoandika insha ya shule, "Nyumbani kwetu Kisarawe", nilikuambia futa. Mtoto wa watu unafuta. Na yule aliyekuwa anakufutisha ndiye aliyekuja kuchimba mashimo.

Lakini ngoja. Nisiharakishe, kwa sababu tulifurahi, na mimi nina tabia ya kuruka sehemu ya furaha kama vile haina mhuri.

Nilikuwa mwoga mle msituni, unajua. Nilifagia kuzunguka banda mara tatu kwa siku ili nione alama ya nyoka, na nyoka hakuja hata mmoja miaka yote ile, na nikasema ni kwa sababu ya kufagia. Tumbili walikuja. Yule aliyeingia dirishani akachukua chapati nne na akarudi kuchukua chai! Nilipiga kelele, "Ashura, funga mlango!" na mlango haufungiki bila bega, na wewe umekaa chini hoi kwa kicheko, na tumbili amekaa kwenye mkorosho anatafuna ananiangalia kama bosi wangu. Nilikasirika siku nzima. Leo ningemkaangia chapati nyingine kwa mikono yangu.

Bi Mwanahawa alikufundisha kuchoma korosho kwenye bati bovu, ukarudi na vidole vyeusi vimebabuka kwa mafuta ya maganda, ukaenda navyo shule unavionyesha kama pete. Alikufundisha majina ya ndege kwa Kizaramo. Mimi mlikuwa mnaniacha kibarazani na kitabu, nasikia sauti zenu kwenye mihogo, yeye anakuita "mjukuu wa wapagazi" na wewe unamjibu. Kikohozi kiliondoka hata sikumbuki mwezi gani. Hilo pekee lingetosha. Mtu mwenye akili angepokea hilo, akashukuru, akanyamaza.

Sasa sikiliza upumbavu wangu.

Mwaka juzi mwishoni mwenzangu mmoja hapa ofisini aliniuliza banda lile lina karatasi gani. Nikamwambia halina, ni neno la mdomo. Akafanya hivi na midomo yake, ile sauti ya kusonya. "Siku bibi akifariki, watoto wake watakutoa jioni hiyo hiyo, hata matanga hayajaisha." Basi. Kutoka siku hiyo sikulala vizuri kule. Nilikuwa nalala najiona nafukuzwa. Mimi ambaye nikiona tarakimu moja imekosewa kwenye fomu ya mteja naiandika upya yote, nilikuwa nimekaa miaka mitano juu ya neno la mdomo! Sikuwaza kwamba neno hilo lilikuwa limetutunza miaka mitano bila kuvuja, wakati bati la dukani lilivuja wiki ya kwanza.

Kisha Bi Mwanahawa akaugua mguu, mwanawe Shabani akamchukua kwake Gongo la Mboto. Ilikuwa masika ya mwaka jana. Nilikwenda kumwona mara moja, nikampelekea uji na machungwa, akanitania kwamba nimekuja kupima kama jeneza lake litanienea begani. Nilicheka. Na Jumamosi iliyofuata nilinunua miche mitano ya minazi.

Si wewe uliyeichagua. Ni mimi. Niliichagua iliyo mirefu ili ionekane ya zamani kidogo. Unaona nilivyokuwa nafikiri? Nilichimba mashimo Jumamosi tatu, mstari mmoja nyuma ya banda, mpakani, na mstari nilipima kwa futi kamba. Nilijiambia ni kwa ajili ya kivuli. Minazi, kivuli! Nilikuwa natengeneza karatasi yangu. Nilitaka siku moja mtu akiuliza hapa ni pa nani, miti ijibu kabla yangu.

Na wewe ukaniuliza. Umesimama na ndoo, jua limekupiga usoni, ukaniuliza, "Mama, bibi karuhusu?"

Nikasema, "Bibi atafurahi. Mwagilia."

Ukamwagilia. Ulikuwa na miaka kumi na miwili na nusu na ulijua kwamba sijakujibu.

Ya Oktoba unayajua, lakini hujui nilivyoyaona mimi. Bi Mwanahawa amerudi, anatembelea fimbo, Shabani yuko pembeni yake, na kaka zake wameshampigia simu wakimwuliza ameuza kwa nani. Mama wa watu katuhumiwa na ndugu zake wa tumbo moja, na mguu unamuuma. Akasimama pale nyuma ya banda, akahesabu minazi kwa fimbo. Hakunitania. Hapo ndipo nilipoogopa, aliponiita kwa jina langu.

"Zuhura, nani kapanda hii?"

Nilikuwa na sekunde moja. Mtu jasiri sekunde moja inamtosha. Mimi nikasikia sauti yangu, ile ya ofisini, laini, inasema, "Ni huyu mtoto, bibi. Si unawajua watoto wa mjini, akiona mche anataka kupanda tu. Na mimi nilikuwa na kazi nyingi, sikuona."

Sikuona! Minazi mitano!

Akakugeukia. "Ashura. Ni wewe?"

Ukaniangalia. Siyo kwa hasira. Uliniangalia kama unasoma swali la mtihani mara ya pili kuhakikisha umelielewa. Kisha ukasema, "Ndiyo, bibi. Nisamehe."

Shabani akakufokea. Akasema mtoto umekosa malezi, umeingizwa nyumbani kwa watu ukawa mwizi wa ardhi. Maneno hayo alikuambia wewe, mbele yangu, na mimi nikainamisha kichwa kama mzazi aliyeaibishwa na mwanawe. Niliinamisha kichwa, Ashura.

Tukapewa mwezi mmoja kuondoa banda. Nikampigia Fundi Maneno. Kujenga alichelewa miezi minane. Kubomoa alifika saa moja kasoro asubuhi, na msumeno, na nyundo mbili, na kijana wa kumsaidia. "Dada, kazi za kubomoa ni nzuri," akasema, "hazina vipimo." Hadi saa sita lilikuwa rundo la mbao. Minazi aliing'oa Shabani mwenyewe. Mbao hukutaka tuzirudishe mjini, na nikakukemea kwamba unajifanya tajiri, nikaziacha kwa sababu kirikuu kilikuwa kidogo na siyo kwa sababu ulikuwa na haki.

Na njiani nikakugombeza. Unakumbuka nilichosema? Mimi nakumbuka kila neno. Nilisema, "Sasa ulikuwa unakubali nini haraka hivyo? Ungenyamaza tu, yangeisha." Nilikasirika kwa sababu ulikuwa umenifunika, na mtu akifunikwa na mtoto wake hana pa kuficha uso. Ukajibu, "Sawa, mama." Hiyo ndiyo ilikuwa "sawa mama" ya kwanza. Baada ya hapo zimekuja kama risiti.

Nimekuwa nazichukia adabu zako miezi mitatu hii. Unaosha vyombo kabla sijasema. Unanisalimia shikamoo asubuhi kama mgeni aliyefika jana. Nimekufokea kwa kufunga mlango kwa nguvu wakati hukuufunga kwa nguvu, ili tu upige kelele, na hukupiga. Ningekuwa na mtoto mjeuri ningejua cha kufanya. Wewe umeniacha na ukimya, na ukimya wako una ukweli wote ndani yake, na mimi nauzunguka kwa ufagio kama nilivyokuwa nazunguka lile banda.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Nilipokuwa na mimba yako nilikuwa chuo, nina miaka ishirini. Nilimwogopa baba yangu kiasi kwamba nilikuficha chini ya baibui miezi saba, nyumba ile ile, meza ile ile ya chakula. Aligundua siku niliposhindwa kuinuka kwenye mkeka. Nilitegemea ataniua. Aliniuliza tu, "Miezi saba, Zuhura, ulikuwa unakula na nani?" Sikuelewa. Nilidhani ameshangaa nimefichaje. Nimeelewa miezi mitatu hii, kwa kukaa na wewe mezani kama nakula peke yangu.

Ukitaka nikupe somo, sina lililokamilika. Nilidhani uoga wangu ni uangalifu, kwa sababu kazini vinafanana na hata mshahara ni mmoja. Lakini mtu mwangalifu hukagua asije akamwumiza mtu. Mimi nilikuwa nakagua nisije nikashikwa. Huko unakokwenda utakuwa na wasichana arobaini bweni moja, na kitu kitavunjika, na matron atauliza nani. Sitakuambia ufanye nini. Unajua kuliko mimi. Nakuomba tu usimfunike mtu mzima tena, hata akiwa mama yako. Hasa akiwa mama yako. Siyo kazi yako, na inamharibu anayefunikwa.

Sasa, jana Jumapili. Nilikuambia nakwenda ofisini kumalizia faili. Nilikwenda Kisarawe.

Nilimkuta Bi Mwanahawa kibarazani kwake anamenya mihogo, Shabani yupo, anatengeneza pikipiki. Nilitaka Shabani awepo. Hapana, huo ni uongo: niliomba asiwepo, na alikuwepo, na nikasema hivyo hivyo. Nilisalimia. Niliitikiwa kwa mbali. Nikasema nikiwa nimesimama, kwa sababu sikukaribishwa kukaa, "Bibi, minazi niliipanda mimi. Nilijua sharti. Nilitaka kujipatia mahali. Mtoto alikubali kunifunika."

Hakuacha kumenya. "Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Mashimo yanafika kwenye paja. Mwanao yule mikono kama mabua ya mtama, atachimba mashimo matano ya kufika kwenye paja? Na mstari umenyooka utadhani reli! Mtoto apande kwa mstari?" Akaweka muhogo chini. "Nilikuuliza wewe ili useme wewe. Ukamtoa mwanao. Mwanao, Zuhura! Minazi mimi nilishaisahau, inang'olewa. Siku ile nilitaka kukupiga na hii fimbo."

Shabani akasema kwa sauti ndogo, "Mimi yule mtoto nilimtukana bure." Akarudi kwenye pikipiki yake, lakini sikusikia spana ikigusa kitu tena.

Nikaomba msamaha. Kwake, kwa kaka zake, kwa yote. Nikalia, na sikulia vizuri. Aliniacha nikalia mpaka ikawa aibu, kisha akasema, "Maji yako kwenye mtungi." Nikanywa. Mbao zetu nimeziona: wametengenezea banda la kuku. Mlango wao unafunga kwa kidole kimoja, na aliyeutengeneza ni Fundi Maneno huyo huyo. Nilitaka kucheka, nilitaka kumpigia simu nimtukane.

Wakati naondoka akaniita. Nikageuka nikidhani yameisha.

"Ashura anakwenda lini?"

"Jumanne."

"Mwambie likizo aje. Chumba kipo, kile cha ndani. Aje alale hapa, na kikohozi kikirudi aje hata kabla ya likizo."

"Nitamleta, bibi."

"Hapana. Aje yeye. Wewe bado."

"Bado mpaka lini?"

"Utaniuliza tarehe, Mnyamwezi? Nikuandikie barua? Bado ni bado."

Basi, nimekuletea hicho. Shabani atakuja kukupokea njia panda na pikipiki, kasema mwenyewe. Banda halipo na halitakuwepo, na haikuwa haki yangu kulililia kama ilivyokuwa haki yako. Nililiacha siku nilipoona kuku wanaingia na kutoka mlangoni bila kuhitaji bega. Ila pale pana mtu anayekungoja, na jina lako pale ni safi. Nimelisafisha nikiwa nimechelewa miezi mitatu, lakini ni safi.

Bado sijamaliza. Barua hii nilipanga kuiweka ndani ya tranka, chini ya mashuka, uikute Songea. Ndivyo kila kitu ndani yangu kinavyotaka: uisome nikiwa mbali, ulie au ukasirike mbele ya wasichana usiowajua, na mimi nipate siku mbili za kujiandaa kabla hujapata simu ya kunipigia. Nilikuwa nimeshachagua hata shuka. Halafu nikajiona mwenyewe nimeishika sekunde ile ile ya Oktoba, nakurudishia wewe uibebe tena.

Kwa hiyo sitaiweka humo. Nitakupa mkononi leo jioni, kabla ya chakula, na sitakwenda jikoni, na sitajifanya nakagua tranka. Hapa unaposoma nimekaa mbele yako, kiti cha pili, mikono juu ya meza, na naogopa kuliko nilivyoogopa kwa Bi Mwanahawa. Usiniambie "sawa mama". Inua macho, useme unachotaka, hata kama ni kibaya. Niko hapa.

Mama yako,
Zuhura